Mbili za Kumi: Hesabu ya Maumivu Nyalenda

Kando ya njia iendayo Dunga, mtaani Nyalenda, Kisumu, mama mmoja anatua beseni la omena, analiegemeza kwenye meza ya kioski, kisha anashika kiuno kwa mikono miwili. "Mgongo umenishika. Nipe Panadol, mbili za kumi."

Mwenye duka haulizi kitu. Anachukua mkasi, anakata karatasi ya tembe na kumpa kipande chenye tembe mbili. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa imechapwa pembeni mwa karatasi, na pembe hiyo ilishakatwa akapewa mteja wa asubuhi. Mama anameza zote mbili kwa maji, anajitwika beseni, anaondoka.

Kwa mwanafunzi wa udaktari anayekuja Nyalenda kujifunza afya ya jamii, awe wa Chuo Kikuu cha Maseno au cha Uzima, tukio hilo la nusu dakika lina mtihani mzima ndani yake. Mama amejipima, amejichagulia dawa, kipimo, duka na bei. Je, kumi yake imepata thamani yake? Tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, maana za dukani hupanda na kushuka. La kushika ni namna ya kuhesabu.

Hesabu dozi, usihesabu tembe

Tembe ya kawaida ya parasetamoli ina miligramu 500. Mtu mzima humeza mbili kwa wakati, yaani gramu moja, na anaweza kurudia baada ya saa nne hadi sita, mradi asipite tembe nane katika saa 24. Mwenye mwili mdogo, chini ya kilo 50, hupunguziwa. Kwa hiyo mbili za kumi ni dozi moja. Ikimezwa jioni, usiku wa manane imeshakwisha.

Tuseme mtu anahitaji dozi tatu kwa siku, kwa siku tatu. Hizo ni tembe 18. Akizinunua kioskini mbilimbili, atatoa shilingi 90. Akienda duka la dawa akaomba parasetamoli kwa jina lake yenyewe, si kwa jina la kampuni, tuseme karatasi ya tembe kumi ni shilingi 20. Karatasi mbili ni 40, na tembe mbili zinabaki. Dawa ni ileile, miligramu ni zilezile. Shilingi 50 zilizozidi ni ushuru anaotozwa mtu ambaye hana shilingi 40 kwa mkupuo mmoja.

Hapa mwanafunzi hujikwaa, akadhani watu hawajui. Wanajua sana. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: sukari ya kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, na tembe za kukatiwa. Ukimwambia mama anunue pakiti nzima bila kujua kama leo ameuza, umempa ushauri wa mtu mwenye mshahara.

Jina la kampuni nalo lina bei yake. Panadol ni parasetamoli. Brufen ni ibuprofeni, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 na leo inatengenezwa na kampuni nyingi mno. Huku mtaani majina hayo yamekuwa ya dawa yenyewe, hata mtu akipewa ya kampuni nyingine bado ataiita Panadol. Hilo si kosa. Kosa ni kulipia jina ukidhani umelipia nguvu.

Ipi inatuliza zaidi

Watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio mengi ya maumivu yanayofuata upasuaji, hasa wa kung'oa magego, wakauliza swali moja: wapewe dawa watu wangapi ili mmoja zaidi apate nafuu ya angalau nusu, kuliko kama wangemeza kidonge kisicho na dawa ndani? Namba ikiwa ndogo, dawa ni nzuri. Majibu ni haya:

- Ibuprofeni miligramu 200 pamoja na parasetamoli 500: watu 1.6
- Ibuprofeni miligramu 400: watu 2.5
- Parasetamoli gramu 1: watu 3.6
- Kodeini miligramu 60 peke yake: watu 12

Isome orodha hiyo kwa jicho la mnunuzi. Kodeini, ambayo watu huiogopa na kuitamani kwa kudhani ndiyo kali, imeshika mkia, na juu yake inaziba choo na kuzoesha mwili. Kileleni ziko dawa mbili za bei ya chini zinazokaa rafu moja. Zinapita njia tofauti mwilini, ndiyo maana zikiwekwa pamoja zinasaidiana bila kurudufu madhara. Mtu mwenye jino, asiye na kizuizi cha ibuprofeni, hahitaji kitu cha bei kubwa kuliko hizo mbili wakati akingoja kung'olewa.

Vipi zile za "Extra"? Ndani ya tembe ya Panadol Extra kuna parasetamoli 500 na kafeini miligramu 65. Kafeini ikifika miligramu 100 au zaidi kwa dozi, huongeza wanaopata nafuu kwa asilimia 5 hadi 10. Nyongeza ipo, ila ni ndogo, na vikombe viwili vya chai iliyokolea havikosi kukaribia kiasi hicho.

Lakini namba hizo ni za jino, na mama wa omena anaumwa mgongo. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Australia kwa watu zaidi ya 1,600 waliokuwa na maumivu mapya ya kiuno. Waliomeza parasetamoli hawakupona haraka kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Kumi ya mama, basi, imenunua dawa nzuri ya maumivu mengine. Kwa mgongo wa namna yake, yenye ushahidi zaidi ni ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa siku chache, huku akiendelea kutembea badala ya kulala. Tuseme tembe moja ni shilingi 3. Siku nzima ni shilingi 9.

Angalia tu karatasi imeandikwa 200 au 400, maana zote mbili zipo madukani na hufanana.

Gharama isiyoandikwa kwenye karatasi

Kama ibuprofeni ni nafuu na ni bora, mbona tusimpe kila mtu? Kwa sababu bei yake nyingine hulipwa baadaye, kwa tumbo, kwa figo na kwa moyo. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja, na wapo watu wasiofaa kuutumia ukoo huo.

Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutokwa na damu ndani kwa ndani. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Mjamzito asizimeze kuanzia wiki ya 20 bila agizo la daktari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo Oktoba 2020, kwa sababu zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kwa mjamzito, parasetamoli ndiyo ya kwanza.

Kisha kuna presha. Wazee wengi wa mtaani wanameza enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza. Ukiongeza diklofenaki juu yake, umefunga njia tatu za figo kwa mpigo mmoja, na presha yenyewe inaanza kupanda. Mzee atarudi kliniki aambiwe dawa zake hazifanyi kazi na aongezewe nyingine, kumbe mwizi ni tembe ya goti.

Na kuna ARV, dawa za VVU. Wengi huku hutumia mseto wenye tenofoviri. Tenofoviri na diklofenaki zikikutana kwa siku nyingi zinaweza kuangusha figo ghafla. Ni swali la lazima kabla ya kutoa dawa za ukoo huu, lakini hakuna atakayekujibu ukweli mbele ya majirani watano waliopanga foleni nyuma yake. Ukitaka jibu, sogeza kiti kando, shusha sauti, na uliza hivi: "Kuna dawa yoyote unayomeza kila siku?" Usitaje ugonjwa. Mwachie yeye autaje.

Parasetamoli nayo si maji. Ikizidi inaua ini, na inaua kimyakimya: siku ya kwanza mtu huwa na kichefuchefu tu, ya pili anaona afadhali, baadaye macho yanageuka manjano. Dawa ya kuokoa, asetilisisteini, hufanya vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Uingereza iliona hatari hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 1998 ilipunguza idadi ya tembe zinazoruhusiwa kwenye pakiti moja. Mtaani watu wengi hawazidishi kwa makusudi, bali kwa majina. Mtu amemeza Panadol asubuhi, tembe za mafua mchana, na jioni za mgongo zenye mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli. Kwake ni dawa tatu. Kwa ini lake ni parasetamoli mara tatu.

Zile tembe za kichwa maarufu za kioskini zisomwe kwa makini zaidi. Nyingi zimechanganya aspirini na kafeini, nyingine na parasetamoli pia. Aspirini asipewe mtoto au kijana wa chini ya miaka 16 mwenye homa, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini. Mama anayemkatia mtoto nusu ya tembe ya baba hafanyi uchumi.

Halafu kuna kibahasha cha khaki: tembe nne tano za rangi mbalimbali, hazina jina, zimeandikwa "1 x 2". Humo mara nyingi huwa na diklofenaki, na wakati mwingine prednisoloni, ambayo hutuliza viungo kweli, lakini ikizoewa hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuficha maambukizi. Kibahasha kisicho na jina kisinunuliwe hata kikiwa cha shilingi 20. Mwombe muuzaji akate tembe na karatasi yake, au aandike jina la kila moja.

Sindano ya mia na hamsini

"Tembe hazinishiki, mimi ni mtu wa sindano." Maneno haya utayasikia wiki ya kwanza. Tuseme sindano ya diklofenaki katika kliniki ndogo ni shilingi 150. Ibuprofeni ya siku tatu ni 27. Je, tofauti hiyo inanunua nini?

Si nguvu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walilinganisha sindano ya ketorolaki, ndugu wa diklofenaki, na ibuprofeni ya kumeza miligramu 800, kwa watu walioteguka na kuumia misuli. Nafuu ilikuwa sawa. Tumbo halikwepeki pia, kwa sababu madhara ya dawa hizi husafiri kwa damu, hayasubiri dawa ipite kooni. Kinachoongezeka ni hatari nyingine: jipu, na sindano ikichomwa mahali pasipo pake kwenye kalio, kugusa mshipa mkubwa wa fahamu ushukao mguuni.

Mbona basi watu wanaisifu? Mwangalie mgonjwa akichomwa. Ameingia chumbani, amepewa kiti, mtu amemuuliza anaumwa wapi, amemgusa hapo, amemwambia arudi kesho. Kioskini alipewa mkasi. Sindano huja na kiti, na kiti kina nafuu yake. Hilo ndilo somo ambalo mwanafunzi anaweza kulitumia bila kununua kitu: mpe mgonjwa kiti, mguse anapouma, mwambie dawa itaanza lini na itaisha lini, kisha mpe tembe. Sindano ibaki kwa anayetapika, asiyeweza kumeza, au aliye kwenye maumivu yasiyongoja.

Kabla ya kununua, toboa kidole

Kisumu iko katika ukanda wa ziwa, ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Kichwa kinachouma pamoja na homa na viungo si cha kununuliwa mbili za kumi. Parasetamoli itashusha joto, mgonjwa ataona afadhali, naye mdudu ataendelea kuzaana kwenye damu. Siku mbili za afadhali ya aina hiyo kwa mtoto mdogo zinaweza kumfikisha kwenye degedege au upungufu mkubwa wa damu.

Shirika la Afya Duniani limetaka tangu 2010 kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa na serikali kwa mikoba yao ya vifaa Septemba 2023, wamo mtaani, na kipimo cha kutoboa kidole ni miongoni mwa kazi zao. Muulize jirani mhamasishaji wa kijiji chake ni nani. Ukishajua na kumwelekeza mgonjwa kwake, utakuwa umempa mgonjwa kitu cha thamani kuliko karatasi ya tembe.

Mtoto: kijiko si kipimo

Dawa ya maji ya parasetamoli ya watoto kwa kawaida huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180, yaani mililita 5 hadi 7.5. Chupa ya mililita 60 ni dozi 12 za mililita 5, basi gawanya bei ya chupa kwa 12 ndipo ulinganishe.

Kosa kubwa liko jikoni. Vijiko vya chai havilingani, na cha supu huchukua karibu mara tatu ya kile cha chai. Omba kikombe kidogo cha kupimia au bomba la sindano lisilo na ncha. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa asipewe dawa nyumbani kwa matumaini. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kioski, duka la dawa au kituo cha afya

Kioski kinashinda kwa ukaribu na saa. Kiko wazi usiku na kinakopesha. Kitumie kwa parasetamoli tu, na uombe uone karatasi nzima kabla ya mkasi, usome jina na tarehe.

Duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa ukutani linashinda kwa bei ya dozi kamili na kwa kuwa na mtu wa kuulizwa. Udhaifu wake ni kwamba anayekuuzia anafaidika ukinunua zaidi. Ingia ukijua jina la unachotaka.

Kituo cha afya cha serikali kinashinda kwa kipimo. Chini ya mpango wa bima ya afya wa SHA, ulioanza Oktoba 2024 badala ya NHIF, huduma za msingi za ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na serikali kwa aliyejisajili. Bei ya kituo ni muda. Asubuhi nzima kwenye benchi ni mauzo ya asubuhi nzima, na muuza samaki hajui pa kuyarudisha. Kwa hiyo usimtume mtu kituoni kwa kila kichwa, mtume kwa dalili: homa, maumivu ya kifua, kichwa kilichokuja ghafla kama radi, shingo ngumu, mgongo wenye ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo, maumivu yaliyopita wiki mbili.

Yako maumivu ambayo rafu nzima ya kioski haiyafikii. Mtoto wa seli mundu aliyeshikwa na maumivu ya mifupa, na mgonjwa wa saratani, hawahitaji Panadol zaidi. Wanahitaji mofini na mtu anayejua kuipima. Mofini ya kunywa si dawa ghali: ng'ambo ya ziwa, Uganda imekuwa ikiitumia tangu 1993, Hospice Africa Uganda ilipoanza kazi. Kisumu ina Kisumu Hospice yake, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wapeleke huko mapema, kabla familia haijamaliza akiba kwa mbili za kumi.

Nani achukue nini

Jino: ibuprofeni na parasetamoli pamoja, kisha daktari wa meno. Mgongo wa kubeba na kuinama, na maumivu ya hedhi: ibuprofeni siku chache, ukishajua tumbo, figo, presha na mimba. Kichwa kisicho na homa: parasetamoli dozi kamili na maji ya kutosha, na kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, huenda dawa zenyewe ndizo zinazokileta. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, anayemeza tenofoviri: parasetamoli. Homa: kipimo kwanza.

Rudi sasa kwa mama wa omena, ukiwa wewe ndiye unayemhudumia. Muulize amemeza nini tangu asubuhi. Muulize kuna dawa gani ya kila siku, na tumbo lake likoje, na kama ana mimba. Kisha muulize swali lisilokuwamo kitabuni: "Mama, leo umeuza?" Akisema ameuza, mpe hesabu ya siku tatu. Akisema hapana, usimpe hotuba ya pakiti. Kama majibu yake hayakuonyesha kizuizi, mwandikie jina moja kwenye karatasi, ibuprofeni 400, tembe tatu, baada ya chakula. Kwa kumi ileile atapata siku nzima, na kwa bei yetu ya mfano atarudishiwa shilingi moja.